Kuzuru Uwanja wa Masinde Muliro, Kanduyi

Uwanja wa Masinde Muliro uko Kanduyi, mahali ambapo barabara kuu ya kutoka Webuye kwenda Malaba hukutana na ile inayoingia mjini Bungoma na kuendelea hadi Mumias. Malori ya Uganda hupita hapo mchana na usiku, na kituo chenyewe ni soko, stendi ya bodaboda na njia panda kwa pamoja. Kwa anayetoka Kitale, njia za kufika ni mbili. Ya kwanza hupita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye, kisha hugeuka magharibi. Ni takriban kilomita 80, na matatu nyingi huifuata hiyo. Ya pili huachana na ya kwanza Kamukuywa, ikapita Kimilili na Chwele chini ya Mlima Elgon, na kuingia Bungoma kutoka upande wa kaskazini. Njia hii ya pili ndiyo inayofaa kwa mgeni mwenye nafasi, kwa sababu inapita katika nchi alikozaliwa mtu ambaye uwanja umepewa jina lake. Kitale iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma karibu mita 1,400. Msafiri hushuka kama mita 500 njiani, na sweta lililomfaa asubuhi Kitale huwa mzigo begani afikapo Kanduyi saa sita mchana.

Henry Pius Masinde Muliro alizaliwa 1922 huko Matili, karibu na Kimilili. Alisoma Uganda, kisha Chuo Kikuu cha Cape Town nchini Afrika Kusini, akarudi nyumbani kufundisha. Mwaka 1957 alichaguliwa kuingia katika baraza la kutunga sheria, akiwa miongoni mwa Waafrika 8 wa kwanza kupata viti vyao kwa kura. Mwaka 1960 alikuwa miongoni mwa waasisi wa KADU, chama kilichoongozwa na Ronald Ngala, naye Muliro akiwa naibu wake. Baada ya Uhuru alihudumu kama waziri hadi 1975, alipofutwa kazi kwa kupiga kura pamoja na wabunge walioikubali ripoti ya uchunguzi wa mauaji ya mbunge J.M. Kariuki. Mwaka 1991 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa FORD, vuguvugu lililodai kurejeshwa kwa vyama vingi. Alifariki tarehe 14 Agosti 1992 katika uwanja wa ndege wa Nairobi, aliposhuka kutoka London, akazikwa shambani kwake Sibanga, Trans Nzoia. Maisha yake kwa hiyo yaligawanyika kati ya pande zote mbili za safari hii: alizaliwa upande wa Bungoma, akalima na kuzikwa upande wa Kitale. Chuo kikuu cha sayansi na teknolojia kilichoko Kakamega nacho kina jina lake.

Jina hilo linaufaa uwanja kwa sababu moja zaidi, ambayo wengi wanaoupita hawaikumbuki. KADU ilipigania majimbo: kila eneo la Kenya liwe na serikali yake yenye mamlaka na fedha. Chama kilivunjwa mwaka 1964 na wazo hilo likalala kwa karibu nusu karne. Katiba ya 2010 ililirudisha kwa sura nyingine, ikaunda kaunti 47 zilizoanza kazi 2013. Katika Jedwali la Nne la katiba hiyo, viwanja vya michezo na shughuli za utamaduni vimewekwa wazi katika orodha ya kazi za kaunti. Sheria ya Michezo ya 2013 nayo iliunda shirika la Sports Kenya, linalosimamia viwanja vya kitaifa kama Kasarani na Nyayo. Mgeni anaposimama kwenye lango la Kanduyi, basi, amesimama mbele ya jambo ambalo Muliro na wenzake walilitaka: mali ya umma iliyo mikononi mwa watu wa hapo hapo, ambao wakitaka kujua kwa nini taa haiwaki au choo kimefungwa wanajua ofisi ya kugonga mlango.

Kazi ya kuugeuza uwanja wa Kanduyi kuwa wa kisasa ilianza chini ya serikali ya kaunti, lakini ulijulikana nchini kote tarehe 1 Juni 2024, pale maadhimisho ya 61 ya Siku ya Madaraka yalipofanyika hapo yakiongozwa na Rais William Ruto. Mada ya mwaka huo ilikuwa kilimo na usalama wa chakula, na ilikuwa sahihi kuipeleka kwenye kaunti ya miwa na mahindi. Bungoma haikuwa ya kwanza kubahatika hivyo. Mwaka 2016 sherehe za Madaraka zilitoka Nairobi zikaenda Afraha, Nakuru. Zikafuata Nyeri 2017, Meru 2018, Narok 2019, Kisumu 2021, Embu 2023, na baada ya Bungoma zikaenda Homa Bay 2025. Mzunguko huu umekuwa njia kuu ya kujengea viwanja nje ya mji mkuu. Kaunti ikitangazwa kuwa mwenyeji, fedha zilizokuwa zikisuasua hupatikana, barabara huwekwa lami, taa za barabarani husimamishwa, na mafundi hufanya kazi hadi usiku.

Mtindo huo una faida isiyopingika, na una hasara yake. Tarehe isiyosogezwa humlazimisha kila mtu kumaliza. Lakini tarehe ya sherehe hupanga kazi kwa macho ya sherehe: jukwaa kuu, lango, rangi na nyasi hutangulia, kwa kuwa ndivyo vinavyoonekana kwenye televisheni. Mifereji ya chini ya ardhi, vyumba vya wachezaji, vyoo vya majukwaa ya nyuma na bajeti ya kukata nyasi mwaka wa pili havionekani. Pale ambapo hakuna tarehe kabisa hali huwa mbaya zaidi. Kamariny, uwanja wa Iten ambako mabingwa wengi wa dunia walijinoa, ulifungwa ili ukarabatiwe na kazi ikakwama kwa miaka mingi, huku wakimbiaji wakibaki barabarani na kwenye njia za vumbi. Kwa hiyo anayezuru uwanja wowote uliojengwa kwa ajili ya sikukuu atafanya vyema kuukagua siku ya kawaida, wiki ambayo hakuna mgeni mheshimiwa anayetarajiwa. Hiyo ndiyo siku uwanja unapoonyesha kama unatunzwa.

Ukubwa wa uwanja wa michezo hueleweka vizuri zaidi ukipimwa kwa kipimo cha mkulima. Uwanja wa kandanda wa vipimo vinavyotumika katika mashindano ya kimataifa una urefu wa mita 105 na upana wa mita 68, yaani karibu ekari moja na robo tatu. Ukizungushiwa njia ya kukimbilia ya mita 400 yenye vichochoro 8, eneo lote hadi ukingo wa nje hufika urefu wa mita 177 na upana wa mita 93 hivi, ambayo ni karibu ekari 4. Ongeza majukwaa, maegesho, uwanja wa kupasha misuli moto na njia za wazima moto, na mji unakuwa umetoa shamba zima katika mahali pake ghali. Ndiyo sababu viwanja vingi vya dunia vimehamia pembezoni mwa miji, na ndiyo sababu kuwa na uwanja ambao mtu anaufikia kwa miguu kutoka stendi ya matatu ni jambo la kuthaminiwa.

Njia ya kukimbilia huubadilisha uwanja kwa mtazamaji wa kandanda kuliko anavyodhani. Kila kichochoro kina upana wa mita 1.22, na vyote 8 vikiwekwa, umbali kutoka mstari wa pembeni wa uwanja wa kandanda hadi ukingo wa nje wa njia huwa kama mita 12. Nyuma ya goli, ambako njia hupinda, umbali huo hufika kama mita 36. Aliyekaa nyuma ya goli hutazama mpira ukichezwa upande wa pili ukiwa mbali mno, karibu mita 140, na namba za migongoni hazisomeki. Mwenye kujali mchezo hutafuta nafasi pembeni, karibu na mstari wa katikati, na kwenda juu ngazi kadhaa: kutoka juu mpangilio wa timu huonekana, nafasi zilizo wazi huonekana, na mtu hutambua kwa nini kocha anapiga kelele. Safu za mbele huuzika haraka kwa sababu ya ukaribu, lakini hapo mtu huona miguu tu.

Njia hiyo ya kukimbilia yenyewe inastahili kutazamwa. Mistari yake ya kuanzia haiko sambamba. Katika mbio za mita 400 aliye kichochoro cha 8 huanza kama mita 53 mbele ya aliye cha kwanza, na anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani kuna upendeleo. Sababu ni kona: kadiri kichochoro kinavyokuwa nje ndivyo mzunguko wake unavyokuwa mrefu, na tofauti hiyo hufidiwa pale mwanzoni. Kwa mita 10,000 hakuna kufidiana namna hiyo, kwa kuwa wakimbiaji wote huingia kichochoro cha ndani muda mfupi baada ya kuanza na kuzunguka mara 25.

Hesabu hizi zina wenyewe katika nchi hii. Mlima Elgon, wenye kilele cha mita 4,321, unaonekana asubuhi za anga safi kutoka Bungoma na kutoka Kitale, na mteremko wake wa kusini uko ndani ya Kaunti ya Bungoma. Huko ndiko alikotoka mkimbiaji Ben Jipcho. Katika Olimpiki ya Mexico 1968 ndiye aliyeongoza mbio za mita 1,500 kwa kasi kali mwanzoni ili Kipchoge Keino apate kushinda. Munich 1972 alipata fedha katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino huyo huyo. Na 1973 aliweka rekodi ya dunia katika mbio hizo huko Helsinki. Mwaka uliofuata, Christchurch, alirudi na dhahabu mbili za michezo ya Jumuiya ya Madola. Alifariki Julai 2020. Linet Masai, naye mzaliwa wa Kapsokwony, alishinda mita 10,000 katika mashindano ya dunia Berlin mwaka 2009. Watu hawa walikua kabla uwanja wa kisasa haujafikiriwa karibu na kwao. Mtoto wa Elgon wa leo ana njia ya kupimiwa muda wake kwa safari ya asubuhi moja, na hiyo ni tofauti kubwa kuliko jukwaa lolote la wageni mashuhuri.

Nyasi za uwanja huonekana kuwa jambo dogo mpaka mvua inyeshe. Katika nyanda za juu za Afrika Mashariki kuna nyasi nene, zinazotambaa, ambazo duniani kote huitwa kikuyu, kwa sababu asili yake ni huku. Zilipelekwa Australia, Afrika Kusini na California, zikawa nyasi za viwanja na malisho, na hupendwa kwa kuwa zikikatwa na viatu vya wachezaji hujiziba upesi. Nchi iliyoipa dunia nyasi hizi haina udhuru wa kuchezea kwenye udongo mtupu. Lakini nyasi pekee hazitoshi. Uwanja mzuri hujengwa kama mgongo wa kobe, katikati pameinuka kidogo ili maji yateremke pembeni. Chini ya udongo huwekwa mchanga, chini ya mchanga kokoto, na ndani ya kokoto mabomba yenye matundu yanayopeleka maji kwenye mfereji. Mgeni anaweza kuyapima haya bila kifaa chochote. Atazame uwanja nusu saa baada ya mvua kubwa: kama madimbwi yamekauka, kazi ya chini ilifanywa, kama maji yamesimama mbele ya goli, fedha zilikwenda kwenye rangi.

Mvua yenyewe ina ratiba. Kitale ina msimu mmoja mrefu, kuanzia Machi hadi karibu Novemba, ambao ndio uliolifanya eneo hilo kuwa ghala la mahindi la Kenya. Bungoma nayo hupata mvua nyingi, na mara nyingi hunyesha alasiri, baada ya jua kali la mchana kuchemsha unyevu wa bonde la Ziwa Victoria. Mechi za kawaida huanza saa 9 alasiri, yaani wakati ule ule mawingu yanapokusanyika juu ya Elgon. Sehemu hii ya dunia ni miongoni mwa zile zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi, na uwanja wazi wenye milingoti mirefu si mahali pa kungojea. Kanuni inayofundishwa ni rahisi: hesabu sekunde kutoka umeme hadi ngurumo, kila sekunde 3 ni kilomita moja, na hesabu ikishuka chini ya 30 mchezo usimame, wachezaji waingie ndani, na watazamaji watoke kwenye ngazi za wazi. Refa anayesimamisha mechi kwa ajili ya radi hastahili kuzomewa.

Jua nalo limo katika ramani ya uwanja. Kwa kuwa Bungoma na Kitale ziko karibu kabisa na ikweta, jua huchwea upande wa magharibi mwaka mzima bila kupotoka sana kaskazini au kusini. Wajenzi hupendelea kuuelekeza uwanja kaskazini na kusini, ili golikipa asiangaliane na jua la jioni, na jukwaa kuu huwekwa upande wa magharibi ili waliokaa humo walipe jua mgongo. Waliokaa upande wa mashariki hulitazama usoni kuanzia mwanzo hadi filimbi ya mwisho, na ndiyo maana tiketi za upande huo huwa rahisi. Kofia pana huko ina thamani kuliko mwavuli, ambao humziba aliye nyuma na huzua ugomvi usio na sababu.

Ndani ya jukwaa kuu kuna sehemu ambayo mashabiki wengi hawaioni: vyumba viwili vya timu, chumba cha marefa, chumba cha tabibu, chumba cha kupimia dawa zilizokatazwa, na njia ya kuingilia uwanjani. Wakaguzi wa Shirikisho la Kandanda la Afrika huanzia hapo, na Kenya inajua gharama ya kushindwa ukaguzi huo. Kwa muda mrefu nchi haikuwa na uwanja ulioidhinishwa, na timu ya taifa, Harambee Stars, walicheza mechi zao za nyumbani ugenini. Juni 2024 waliwapokea Burundi na kisha Ivory Coast mjini Lilongwe, Malawi. Septemba mwaka huo huo wakawapokea Zimbabwe huko Namboole, Uganda. Mechi ya nyumbani isiyo na watu wa nyumbani ni huzuni tupu. Walirejea Nyayo Machi 2025 dhidi ya Gabon, na Agosti mwaka huo Kenya, Tanzania na Uganda zikaandaa kwa pamoja michuano ya CHAN, fainali ikachezwa Kasarani. Nchi hizo hizo tatu zilipewa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, na uwanja mpya wa watu 60,000 ukaanza kujengwa Nairobi mwaka 2024 kwa ajili hiyo.

Kanduyi haimo katika mipango ya aina hiyo, na haihitaji kuwamo. Upande wa magharibi mwa Kenya uliwahi kuonyesha kwamba uwanja wa kaunti unaweza kubeba mashindano makubwa: mwaka 2017, Kombe la CECAFA lilipoandaliwa Kenya, wenyeji walianza kwa kuwafunga Rwanda katika uwanja wa Bukhungu, Kakamega, na umati ulijaa. Kinachohitajika Bungoma ni kuvihesabu vyumba vile vile ambavyo mkaguzi angevihesabu, kwa ajili ya vijana wa ligi ya chini na wasichana wa shule, ambao nao huumia, huhitaji kubadilisha nguo mahali penye mlango, na huhitaji maji ya bomba.

Kuingia uwanjani siku ya sikukuu ni tofauti kabisa na kuingia siku ya mechi. Siku ya Madaraka hakuna kiingilio, na watu huanza kupanga foleni kabla ya alfajiri; wenye kuchelewa hadi saa 2 asubuhi hukuta milango imefungwa. Mizigo mikubwa hukataliwa, kila mtu hukaguliwa, na aliyetoka hawezi kurudi. Kisha huja kungoja kwa muda mrefu: bendi, vikundi vya ngoma, gwaride, hotuba. Maji, kitafunio na subira ni vya lazima, hasa kwa wenye watoto na wazee. Siku ya mechi ya ligi, kinyume chake, mtu hufika nusu saa kabla, hulipa kiingilio kidogo, mara nyingi kwa M-Pesa, na huchagua pa kukaa.

Hatari kubwa ya uwanja wowote iko mlangoni. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards huko Nyayo, watu 7 walikufa katika msongamano. Alfajiri ya tarehe 20 Oktoba 2023, Siku ya Mashujaa, watu 4 walikufa wakikanyagana wakati wa kuingia uwanja wa Kericho. Mara zote mbili waliokufa hawakuwa wamefanya kosa. Walikuwa mbele ya watu wengi waliosukuma bila kuona kinachotokea mbele. Umati ukibana, aliye nyuma huhisi anasukuma kidogo tu, lakini misukumo midogo ya watu mia hujumlishwa kwa aliye mbele hadi kifua chake kishindwe kupanuka. Kwa hiyo wajenzi hutakiwa kuweka milango mingi na mipana inayofunguka kwa nje, na askari hutakiwa kuipanga foleni mbali na lango. Mgeni naye ana la kufanya. Akiingia tu, atafute kwa macho milango ya kutokea, kwa kuwa aliyoingilia huenda isiwe ya karibu. Akijikuta kwenye msongamano, akunje mikono mbele ya kifua kama bondia ili apate nafasi ya kupumua, aende na wimbi huku akikata kimshazari kuelekea pembeni, wala asiiname kuokota kiatu au simu. Mtoto abebwe juu.

Baada ya maneno hayo ni haki kusema kwamba furaha ndiyo inayowapeleka watu uwanjani. Magharibi mwa Kenya, mpira una ngoma yake. Isukuti ya Waisukha na Waidakho, ambayo UNESCO iliiingiza mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, ndiyo sauti ya mashabiki wa AFC Leopards popote wanapokwenda; klabu hiyo ilizaliwa 1964 kwa kuunganisha timu za Waluhya. Upande wa Bungoma, Wabukusu wana kamabeka, uchezaji wa mabega, na litungu la nyuzi. Goli likiingia, mabega husema kabla ya vinywa. Na kabla ya majukwaa kuwa na paa, watu wa huku waliufuata mpira redioni, sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikiwaletea vijijini mechi ambazo wasingeziona kamwe. Kutoka enzi hiyo lugha ilibaki na msemo wa Kadenge na mpira, uliotokana na Joe Kadenge, mshambuliaji kutoka Vihiga aliyefariki 2019. Hata sasa wapo wazee wanaokwenda uwanjani na redio ndogo sikioni, watazame mechi moja na kusikiliza nyingine.

Aliyemaliza Kanduyi hajamaliza Bungoma. Mjini kuna uwanja wa Sudi, wa zamani na mdogo, uliokuwa nyumbani kwa Nzoia Sugar, timu ya kiwanda cha sukari kilicho kati ya Bungoma na Webuye. Hapo watazamaji wako karibu na mchezo, husikia wachezaji wakiitana, na kwa mpenda kandanda hiyo ni starehe ambayo uwanja mkubwa wenye njia ya kukimbilia hauwezi kuitoa. Kitale nako uwanja wa Kenyatta uko ndani ya mji, na kama viwanja vingi vya miji ya wastani, umetumika kwa mikutano ya siasa, ibada na sikukuu sawa na kwa mpira.

Lakini vipaji vya pande hizi mbili havikulelewa zaidi katika viwanja vya mijini; vililelewa shuleni. Shule ya St. Anthony's ya Kitale ni jina zito katika kandanda na hoki ya wavulana. Wiyeta, ya wasichana, imeipeleka Trans Nzoia mbele katika kandanda. Kamusinga, karibu na Kimilili, ni shule ya Kanisa la Marafiki inayojulikana nchi nzima kwa hoki. Michezo ya shule za sekondari huenda kwa mihula: hoki, mpira wa vikapu na raga ya watu 15 mapema mwakani, kandanda, voliboli na netiboli muhula wa pili, na washindi hupanda kutoka kaunti ndogo hadi kaunti, mkoa wa zamani, taifa, na hatimaye Afrika Mashariki. Siku za fainali hizo ndizo bora zaidi za kuzuru uwanja wa kaunti. Mchezo huwa wa kasi, majukwaa hujaa sare za shule na nyimbo ambazo kila darasa limezitunga lenyewe, na bei ya karanga na miwa nje ya lango haijapandishwa kwa ajili ya mtu yeyote.

Mechi ya saa 9 huisha muda mfupi kabla ya saa 11 jioni, na jua huzama saa 12 na nusu hivi au baadaye kidogo. Matatu za Kitale hujaa upesi hapo njia panda ya Kanduyi, na barabara ya Webuye huwa na malori mengi jioni. Mwenye kutaka kuiona tena njia ya Chwele na Kimilili, mlima ukiwa mkono wa kushoto na mwanga wa mwisho juu yake, aondoke filimbi ya mwisho ikilia.